Je, wajua kwa nini skrini ya kukunja husimama bila kushikiliwa?

Chumba kimoja cha kupanga Nyalenda au Manyatta, Kisumu, hubeba kila kitu: kitanda, viti, jiko la gesi na mgeni. Hapo ndipo skrini ya kukunja, ambayo wengine huiita divaida, inapolishinda pazia. Huhitaji kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, na siku ya kuhama unaikunja na kuibeba begani. Lakini inasimamaje yenyewe, nayo ina unene wa inchi moja tu?

Siri ni mikunjo. Chukua skrini ya fremu tatu, kila moja ina upana wa sentimita 45 na kimo cha 180. Ukiinyoosha kama ubao, inakalia sentimita 2.5 tu za sakafu. Ikiinama digrii moja, imeanguka. Ikunje kwa zigizaga, pembe mraba kati ya fremu na fremu, na sasa inakalia sentimita 32. Lazima iinamishwe kama digrii 10 ndipo ianguke. Gharama yake ni upana: badala ya kuziba sentimita 135, inaziba 95 hivi. Wengi huipima ikiwa imenyooka, kisha nyumbani kitanda kinabaki kikichungulia. Hesabu sentimita 32 kwa kila fremu, si 45.

Zigizaga hiyo hutegemea bawaba. Za kiungo cha kwanza zifungwe upande wa mbele, za kiungo cha pili upande wa nyuma. Zikifungwa zote upande mmoja, skrini husimama kwa umbo la U tu, na ukiikunja fremu ya tatu inagongana na ya kwanza. Wajapani, ambao huiita byōbu, yaani kinga ya upepo, waliliepuka tatizo hili kwa bawaba za karatasi zinazokunjika pande zote mbili. Kwa bawaba za chuma, weka tatu kila kiungo, na skrubu za robo tatu inchi. Za inchi moja na nusu zitatokea upande wa pili.

Mbao za saipresi za inchi 2 kwa 1 zinatosha. Vipande vitatu vya futi 12 vinatoa nguzo sita, na cha nne vipande tisa vya kulala vya sentimita 40, vitatu kila fremu, ncha zake zikiingizwa kwenye nguzo sentimita 2.5 kila upande. Nunua na cha tano, maana saipresi ina mafundo na hukosi kipande kitakachovunjika. Mbao mbichi zipange kivulini hadi zikauke, vijiti vikizitenganisha. Ukizigonga zikiwa mbichi zitajipinda zikikauka, mguu mmoja utaning'inia hewani, na hakuna bawaba itakayorekebisha hilo.

Kuhusu kufunika, kitenge cha yadi sita kinatosha upande mmoja wa fremu zote tatu na kubakiza kitambaa cha mito. Kata kila kipande sentimita 55 kwa 190, uanze kukigonga katikati ya kila upande ukielekea kwenye pembe. Ukianzia pembeni kitafanya mawimbi. Mafunjo, yaani matete ya ziwani, yanayosukwa Dunga, ufuoni mwa Kisumu, ni mepesi na hupitisha hewa, na kwa Kisumu sisi tungechagua hayo: upepo wa ziwa unaoingia dirishani alasiri husukuma kitenge kilichokazwa kama tanga. Ila yaishie sentimita 5 juu ya sakafu, kwani sementi yenye unyevu huyaotesha ukungu. Nakuru, kwenye baridi zaidi, kitenge kinafaa.

Gongea kipande cha ndara kuukuu chini ya kila nguzo ili isiteleze. Iache skrini sentimita 30 kutoka kwenye neti ya mbu, isije ikaivuta ikafungua mwanya. Koti zito nalo litundike kwingine: uzito ukikaa juu ya fremu, zile digrii 10 hupungua haraka.