Simba siye anayeamua idadi ya nyumbu: dhana potofu kuhusu mfumo ikolojia wa Serengeti

Nyumbu wanapovuka Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, kamera zote huelekezwa kwa mamba. Anayetazama picha hizo huondoka akiamini kwamba habari nzima ya mbuga ni nani kamla nani. Serengeti imekuwa ikichunguzwa kwa karibu tangu miaka ya 1960, na yaliyogunduliwa huko yanavutia kuliko video yoyote ya mamba. Yanapingana pia na mengi tuliyozoea kuyasema kuhusu ikolojia.

Dhana: Bila simba, nyumbu wangejaa hadi wamalize nyasi

Kwa baadhi ya wanyama hoja hii ina ukweli. Taya, swala mdogo asiyehama, mara nyingi huishia mdomoni mwa mnyama mwingine, maana duma, chui, fisi na simba wote wanammudu. Nyumbu anayehama yuko tofauti. Mwaka 1999 mwanasayansi Mtanzania Simon Mduma na wenzake walichapisha takwimu za miaka 40, na zikaonyesha kuwa takriban robo tatu ya vifo vya nyumbu vilitokana na lishe duni, hasa kiangazi kinapokolea. Hali ya mnyama husomeka ndani ya mfupa: aliyekufa akiwa na siha ana uboho mweupe, mzito kwa mafuta, aliyedhoofika kwa njaa, uboho wake ni majimaji yanayopenya mwanga.

Sababu ya simba kushindwa kuwapunguza iko wazi. Simba ana himaya ya kulinda na watoto wasioweza kusafiri, kwa hiyo hawezi kuwafuata nyumbu zaidi ya milioni moja wanaotembea mwaka mzima. Wakishaondoka, anabaki kuhangaika na ngiri na nyati. Idadi ya simba hufuata miezi hiyo ya shida, wala si ile ya neema.

Kama si simba, basi ni nini? Mvua na udongo. Nyanda za kusini, kuzunguka Ndutu, zimefunikwa na majivu ya volkano kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na Mlima Ol Doinyo Lengai. Chini kidogo kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi kirahisi, ndiyo maana pale hakuna miti. Lakini nyasi zake fupi zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, yale hasa anayohitaji jike anayenyonyesha. Februari, ndani ya wiki chache, mamia ya maelfu ya ndama huzaliwa hapo.

Dhana: Fisi huishi kwa kuiba mawindo ya simba

Mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi usiku, Serengeti na Ngorongoro, miaka ya 1960. Aligundua kuwa fisi madoa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao. Ngorongoro hasa, simba aliyeonekana asubuhi juu ya mzoga mara nyingi alikuwa amewanyang'anya fisi, na wageni walipofika wakadhani kinyume chake.

Dhana: Nishati huzunguka ndani ya mfumo ikolojia

Hili hukosewa hata na waliofaulu biolojia. Nishati hupita njia moja tu. Inatoka kwenye jua na kuingia katika jani. Anayekula jani huitumia sehemu kubwa kutembea, kupumua na kuutia mwili joto. Anayemla mlaji huyo hupata kama asilimia 10, mara nyingi chini ya hapo. Joto lililokwisha kupotea halirudi tena kwenye nyasi. Ndiyo sababu nyumbu ni zaidi ya milioni moja lakini simba ni kama 3,000 tu.

Kinachozunguka ni madini, kama fosforasi, na Mto Mara unalionyesha jambo hili vizuri sana. Utafiti ulioongozwa na Amanda Subalusky, uliotolewa mwaka 2017, ulikadiria kuwa kwa wastani nyumbu 6,250 huzama mtoni kila mwaka, sawa na tani 1,100 hivi za mizoga. Mamba hula sehemu ndogo tu. Tumbusi na kongoti huchukua sehemu yao na kuirudisha nchi kavu, samaki hula, na baada ya wiki 2 hadi 10 nyama imekwisha. Mifupa hubaki hadi miaka 7 ikitoa fosforasi polepole, na juu yake huota utando wa mwani ambao nao ni chakula cha wadudu na samaki. Anayeuona msimu wa kuvuka kuwa ni hasara hajautazama mto mwezi wa Desemba.

Wapo pia wanaodhani maji huchafuka kwa sababu ya binadamu peke yake. Viboko wa Mto Mara hula nyasi usiku nchi kavu na kushusha kinyesi majini mchana. Kiangazi, kwenye madimbwi yaliyotulia, kinyesi hicho kikioza humaliza oksijeni. Mvua kubwa ikiyasomba maji hayo, samaki wa chini ya mto hufa kwa wingi. Hakuna kiwanda hapo. Mfumo ikolojia hauna wajibu wa kuwa safi machoni petu.

Dhana: Asili isipoguswa hukaa katika usawa uleule

Hii ndiyo ninayotamani kuing'oa kuliko zote. Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika nchi ya Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ng'ombe waliteketea, nyati na nyumbu vilevile, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Ugonjwa haukuondoka, kwa miaka 70 hivi uliendelea kuua ndama wa nyumbu. Waliotembelea Serengeti miaka ya 1950 walidhani wanaiona mbuga katika hali yake ya asili, kumbe waliiona ikiwa mgonjwa.

Kisha kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, karibu na Nairobi, kikatoa chanjo bora iliyotengenezwa na Walter Plowright. Waliochanjwa ni ng'ombe. Hakuna nyumbu aliyedungwa sindano. Hata hivyo, kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu, kwa kuwa virusi vilikuwa vikitegemea ng'ombe ili viendelee kuwepo. Nyumbu takriban robo milioni wa mwaka 1961 wakawa kama milioni 1.3 mwaka 1977.

Angalia kilichofuata. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi zilipobaki fupi moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kurefuka kupita kimo cha ndimi za moto. Miti ikaongezeka, na kaboni nyingi zaidi ikahifadhiwa ardhini na mitini. Yote hayo kwa sababu ya chanjo ya ng'ombe. (Moto wenyewe si adui: machipukizi ya nyasi hukaa chini, usawa wa udongo, na huchipua tena. Hatari ni kuchoma mara kwa mara mno.)

Dhana: Ukiilinda hifadhi, umeulinda mfumo ikolojia

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763. Nyumbu wanahitaji zaidi ya hizo. Maji yanayowaokoa kiangazi chanzo chake ni Msitu wa Mau, Kenya. Mwaka 1994 homa ya mbwa (ugonjwa wa virusi, canine distemper) iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wachunguzi waliuhusisha mlipuko huo na mbwa wa vijijini.

Na kuna habari ya Loita. Upande wa Kenya, kundi jingine la nyumbu lilikuwa likizalia nyanda za Loita na kuingia Maasai Mara kiangazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, katika muda wa miaka 20 hivi, lilipungua kwa zaidi ya robo tatu, ingawa Maasai Mara ilikuwa ikilindwa muda wote huo. Mahali pa kuzalia palikuwa nje ya mpaka, na pakalimwa ngano. Baadaye ardhi iligawanywa vipande vya watu binafsi na uzio ukafuata. Leo hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara huwalipa wenye ardhi kodi ya kila mwezi ili waache vipande vyao wazi, na ni malipo hayo, kuliko doria yoyote, yanayoamua kama ndama atapata njia ya kupita.