Mashine ya kuchomelea ya inveta: inajilinda na nini, na wapi haijilindi

Dhana: Taa ya njano ikiwaka, mashine imeungua.

Ndiyo kwanza imejiokoa. Juu ya hitisinki (kipande cha kupozea) cha alumini kumefungwa kiswichi cha joto, kipana kama kifungo cha koti, ambacho mara nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 75 na 85. Kikishtuka, moto wa rodi unakatika lakini feni inaendelea. Kosa kubwa hapo ni kuzima swichi ya ukutani: feni inasimama na joto linabaki ndani ya transista, yaani swichi za kielektroniki zinazokatakata umeme. Iache ijipoze mpaka taa izime yenyewe.

Kisha soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 60% kwa ampea 160, maana yake ni dakika 6 za kuchomelea katika kila 10, tena kwa hewa ya nyuzi 40. Chini ya paa la bati saa saba mchana, nafasi ya ziada haipo. Wapo mafundi wanaobaipasi kiswichi hiki ili "kisisumbue". Geti la mteja litakwisha siku hiyohiyo, na transista zitafuata muda si mrefu.

Dhana: Breka ya ukutani inatosha.

Breka inalinda nyaya za jengo. Transista ya IGBT (aina ya kubeba mkondo mkubwa) huvumilia shoti kwa takriban mikrosekunde 10 tu, ilhali breka, hata ikiruka haraka, huchukua milisekunde kadhaa. Kinachowahi ni kitransfoma kidogo cha kupimia mkondo, kilichopitishwa kwenye waya wa transfoma kuu, kinachoiambia bodi ikate mapigo papo hapo. Ndiyo maana mashine ikirusha breka kila inapowashwa, kuongeza ukubwa wa breka ni ujinga: huenda transista au daiodi za mwanzo, zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC, zimeshakufa, na breka inaruka kwa sababu hiyo.

Dhana: Umeme mdogo hauunguzi kitu.

Piga hesabu. Rodi ya milimita 3.2 kwa ampea 100 inataka volti kama 24, yaani wati 2,400. Ukijumlisha upotevu, mashine inavuta karibu wati 3,000. Inveta ya kawaida isiyorekebisha pawafakta (yaani inayovuta mkondo mwingi kuliko wati inazotumia) itavuta kama ampea 19 kwenye volti 230. Umeme ukishuka hadi 170, kazi ileile inataka ampea 25, na joto la nyaya na relei linapanda kwa zaidi ya nusu, na la daiodi nalo linapanda. Hatari ya pili imejificha: transista huamrishwa kwa volti kama 15 kwenye geti lake, yaani mguu wake wa kupokea amri. Amri hiyo ikififia, transista inafunguka nusunusu na kuungua yenyewe. Bodi nzuri hukata kabla ya hapo. Za bei poa nyingine hazina ulinzi huo.

Eksitensheni nayo ina lake. Mita 50 za waya wa shaba wa 1.5 mm² hupoteza volti kama 24 kwa ampea 20; za 2.5 mm² hupoteza kama 15. Na uikunjue yote, maana ikibaki imeviringishwa inapikika.

Dhana: Varista inazuia umeme mkubwa wowote.

Kile kidonge bapa karibu na swichi hunyonya mshtuko wa mikrosekunde. Nyutro ikikatika nguzoni, nyumba ya fezi moja inaweza kupata hadi volti 400, ambazo kileleni ni zaidi ya 560, wakati kapasita za ndani (zinazohifadhi chaji) kwa kawaida ni za volti 400 au 450. Varista itapasuka, na fyuzi ikiwepo itakatika. Aliyeweka waya mahali pa fyuzi atazika bodi nzima.

Dhana: Ukibadilisha transista, kazi imeisha.

Zikifa, mara nyingi huondoka na rezista na zena (daiodi za kuzuia volti kuzidi) za geti, pengine hata saketi inayoziendesha. Pima hizo kwanza. Kabla ya kugusa, chomoa, subiri, kisha pima kapasita: zilijaa volti kama 325. Ukimaliza, usiiwashe moja kwa moja. Unga balbu ya nyuzi ya wati 100 kwa siriizi na laivu, rodi ikiwa pembeni. Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, kapasita zimejaa na shoti haipo; mwanga hafifu unaobaki ni wa feni na bodi. Ikibaki inang'aa, chomoa urudi mezani.