Kunyamazisha jeni za uvimbe wa ubongo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila inapotangazwa kwamba watafiti wamefaulu kuzima jeni fulani ya saratani ya ubongo, habari hiyo huruka haraka hadi kwenye simu za watu wenye mgonjwa nyumbani. Huwa wanaisoma usiku, mara mbili mbili, wakitafuta neno "tiba". Ni haki yao waelezwe sawasawa. Kuzima jeni ndani ya seli zilizooteshwa maabara ni kazi ambayo leo hii inafanywa kila siku. Kazi ngumu ni mbili: kuifikisha dawa kwenye seli za uvimbe zilizo ndani ya ubongo wa mtu, na kujua ni jeni ipi ambayo uvimbe hauwezi kuishi bila hiyo. Dhana potofu nyingi zinazozunguka utafiti huu hutokana na kuyasahau mambo hayo mawili.

"Kunyamazisha jeni ni kuikata na kuitoa"

Hapana, DNA haiguswi. Jeni inapofanya kazi, seli huinakili kwanza iwe RNA mjumbe, kisha husoma nakala hiyo na kutengeneza protini. Njia inayotafitiwa sana, uingiliaji wa RNA, huishambulia nakala. Kipande kifupi cha RNA chenye nyuzi mbili, kila uzi una takriban nyukleotidi 21 (vijenzi vidogo vinavyoungana kuunda RNA), huingizwa kwenye seli. Uzi mmoja hutupwa, wa pili hushikwa na protini maalumu na kutumika kama kielekezi: RNA mjumbe yoyote yenye mpangilio unaooana nao hukatwa. Jeni inabaki mahali pake, lakini protini yake haitengenezwi, au inatengenezwa kidogo.

Andrew Fire na Craig Mello waliieleza njia hii mwaka 1998 kwa kutumia mnyoo C. elegans, ambaye urefu wake ni kama milimita moja. Walimdunga RNA inayolenga jeni moja ya misuli. RNA ya uzi mmoja haikufanya la maana, lakini ya nyuzi mbili iliwafanya minyoo watetemeke, kama wale waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu. Mwaka 2006 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa kuwa DNA haiguswi, unyamazishaji wa namna hii una mwisho. Seli ya uvimbe inayogawanyika haraka huigawa dawa hiyo kwa seli zake changa mpaka inakwisha nguvu, mara nyingi ndani ya siku chache. Kukata DNA yenyewe ni kazi ya CRISPR, ambayo ni teknolojia nyingine, na hofu zinazoihusu CRISPR zisihamishiwe hapa.

"Ikifaulu maabara, mgonjwa amekaribia kupona"

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu zaidi, na ndiyo ninayotaka kukaa nayo.

Dawa za uingiliaji wa RNA zipo na zinatumika. Ya kwanza, patisirani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu mishipa ya fahamu. Inclisirani, inayoshusha kolesteroli, hudungwa mara 2 tu kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo. Lakini ukizichunguza utaona kwamba zote mbili hufanya kazi yake kwenye ini. Ini lina seli zinazopokea kwa wingi vitu vilivyomo kwenye damu, na wanakemia wamejifunza kuifunga RNA kwenye aina ya sukari ambayo seli hizo huivuta ndani zenyewe.

Ubongo haupokei hivyo. Kuta za mishipa yake midogo ya damu zimebanana kiasi kwamba dawa zinazopita kwa urahisi ni zile ndogo, kwa kawaida chini ya dalton 500 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), tena zinazoyeyuka kwenye mafuta. Kipande cha RNA kinachotumika hapa kina dalton zipatazo 13,000, kimejaa chaji hasi, na kikiachwa wazi kwenye damu vimeng'enya hukimaliza ndani ya dakika. Hata kikifika kwenye seli, humezwa ndani ya kifuko, na ni sehemu ndogo sana inayoponyoka kutoka humo na kufanya kazi.

Wapo wanaosema kwamba uvimbe huvunja kizuizi hicho, kwa hiyo dawa itapita. Ni kweli kwa sehemu ya katikati, ile inayong'aa kwenye picha ya MRI baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kung'arisha. Lakini glioblastoma, uvimbe mkali zaidi kati ya zinazoanzia kwenye ubongo wa watu wazima, hupenyeza seli zake mbali na hapo, ndani ya ubongo ambao kizuizi chake bado ni kizima. Hizo ndizo zinazourudisha ugonjwa. Mara nyingi uvimbe huota tena ndani ya sentimita 2 hivi kutoka ukingo wa pale daktari alipokata. Mwaka 1928 Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, alieleza jinsi alivyowaondolea wagonjwa wenye uvimbe wa aina hii nusu nzima ya kulia ya ubongo. Hata hilo halikuwaponya.

Ndiyo maana nauthamini mno utafiti mmoja mdogo uliochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Walichukua chembe ndogo mno za dhahabu, wakazizungushia RNA inayonyamazisha jeni Bcl2L12, ambayo husaidia seli za glioblastoma zisife. Wagonjwa 8 ambao uvimbe wao ulikuwa umerudi walipewa dozi ndogo kwa njia ya mshipa, kisha wakafanyiwa upasuaji ambao walikuwa waufanyiwe vyovyote vile. Kwenye vipande vya uvimbe vilivyotolewa dhahabu ilionekana, hata ndani ya seli za uvimbe zenyewe, na protini ya Bcl2L12 ilikuwa imepungua. Jaribio halikukusudia kumponya yeyote. Swali lake lilikuwa moja: je, dawa inafika? Jibu likawa kwamba inafika. Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa likirukwa, na kwangu mimi jibu hilo lina uzito kuliko mamia ya panya waliopona.

Zipo njia nyingine, kama kuipitisha dawa taratibu kwa mrija uliochomekwa ndani ya uvimbe wenyewe, au kuifungua mishipa kwa muda kwa mawimbi ya sauti. Kudunga kwenye uti wa mgongo kumefaulu kwa magonjwa mengine: toferseni, dawa ya jamii ya karibu na hizi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa aina moja ya ugonjwa wa neva za misuli. Lakini uvimbe uliojificha ndani kabisa ya ubongo ni mgumu kufikiwa kwa njia hiyo.

"Tafuteni ile jeni moja mbaya"

Laiti ingekuwa moja. Katika glioblastoma, jeni EGFR, inayoihimiza seli ikue, huwa imejirudufu kupita kiasi kwa karibu nusu ya wagonjwa, na baadhi yao wana umbo lake lililokatika liitwalo EGFRvIII, lisilopatikana kwenye seli zenye afya. Ukitaka shabaha nzuri kwenye karatasi, ni hiyo. Chanjo iliyoilenga, rindopepimuti, ilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa, na mwaka 2016 jaribio likasimamishwa kwa kuwa haikurefusha maisha. Uvimbe ulipopimwa upya kwa baadhi yao baada ya kurudi, zaidi ya nusu haukuwa tena na EGFRvIII. Hata wale ambao hawakupewa chanjo, uvimbe wao ulikuwa umeipoteza shabaha hiyo vilevile.

Uvimbe mmoja hubeba makundi mengi ya seli, kila moja na jeni zake. Ukilizima moja, mengine huchukua nafasi. Ndiyo sababu watafiti wengi sasa wanajaribu kunyamazisha jeni kadhaa kwa pamoja, au kuunganisha njia hii na mionzi na dawa za kawaida.

"Kunyamazisha jeni ni uvumbuzi wa maabara"

Mwili ulitangulia, na uvimbe nao hufanya hivyo. Jeni MGMT hutengeneza protini inayokarabati DNA iliyoharibiwa na temozolomidi, dawa kuu ya glioblastoma. Kwa baadhi ya wagonjwa, alama za kikemia ziitwazo methili hujibandika kwenye swichi ya jeni hiyo na kuizima. Hapo uvimbe hauwezi kujikarabati vizuri. Katika utafiti wa mwaka 2005, wagonjwa wa namna hiyo waliopata mionzi pamoja na temozolomidi waliishi miezi 21.7 kwa wastani wa kati. Katika utafiti mkuu wa matibabu hayo, wote waliopata mionzi pamoja na temozolomidi, bila kujali hali ya MGMT, waliishi miezi 14.6.

Lakini kimya si jambo jema siku zote. Mabadiliko kwenye jeni IDH1, yaliyogunduliwa kwenye uvimbe wa ubongo mwaka 2008, hutengeneza kemikali inayosababisha jeni nyingi zizimwe isivyopaswa, na seli hushindwa kukomaa. Kwa watoto wenye uvimbe wa shina la ubongo mara nyingi huwa kinyume chake: badiliko kwenye histoni, protini ambayo DNA huizunguka, hufuta alama za kuzima, na jeni zilizopaswa kulala zinaamka.

"Dawa ipo, inafichwa"

Majaribio ya kitabibu huandikishwa hadharani, na mengi ya yaliyoshindwa huchapishwa, kama hilo la rindopepimuti. Anayekuuzia tiba ya "kuzima jeni" nje ya majaribio hayo anakuibia fedha na muda, na muda ndio ambao mgonjwa wa glioblastoma hana.

"Kwa kuwa tiba haijapatikana, kupima jeni hakuna faida"

Faida ipo leo. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani huitenganisha glioblastoma na astrositoma, aina nyingine ya uvimbe wa ubongo, yenye badiliko la IDH (jeni IDH1 au ndugu yake IDH2), kwa sababu mwenendo wake na muda wa kuishi ni tofauti kabisa. Kwa uvimbe wa daraja la 2 wenye badiliko hilo ipo vorasidenibu, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2024: katika jaribio lake, ugonjwa ulikaa miezi 27.7 bila kusonga mbele, dhidi ya miezi 11.1 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kidonge hicho hakinyamazishi jeni. Hukiziba kimeng'enya kinachotokana nayo, na ni molekuli ndogo inayopita hadi kwenye ubongo. Kipimo cha MGMT nacho humsaidia daktari kuamua kama temozolomidi inamfaa mgonjwa mzee asiyehimili matibabu yote.

Kipande cha uvimbe kilichotolewa kwenye upasuaji kwa kawaida huhifadhiwa kwenye nta na maabara ya patholojia, na kinaweza kupimwa IDH au MGMT hata miaka kadhaa baadaye. Familia ikiona majibu yaliandikwa bila vipimo hivyo, inaweza kumuuliza daktari kama kipande hicho bado kipo.