Kipande kimoja tu

Kiwandani, kipande cha plastiki hutoka kwenye kalibu ya chuma, umbo tupu linalomiminiwa plastiki iliyoyeyuka. Kalibu ni ghali, ndiyo maana gharama yake hugawanywa kwa maelfu ya vipande. Ukihitaji kimoja tu, hakuna atakayekusikiliza. Printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka kwa tabaka kutoka kwenye mchoro wa kompyuta, haihitaji kalibu: cha kwanza na cha elfu gharama yake ni karibu ileile. Kwangu mimi, ahadi ya kujitengenezea vitu iko hapo. Wanaosema kila nyumba itakuwa kiwanda wanatia chumvi; sahani na ndoo kiwanda kitazitoa kwa bei nafuu siku zote.

Mkono wa mlango wa mashine yangu ya kufulia ulivunjika ulimi. Fundi akaniambia ninunue mlango mzima. Nilichukua kalipa, kipimio cha unene, nikapima pini ya chuma inayoushika: milimita 4. Kwenye mchoro nikaweka tundu la milimita 4.2, maana plastiki hunywea ikipoa na tundu hutoka dogo kuliko ulivyolichora. Programu ikaukata mchoro katika tabaka za milimita 0.2, na nozeli, ncha inayotoa plastiki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 210 za Selsiasi, ikazipanga moja juu ya nyingine.

Ulidumu siku mbili. Nilikuwa nimeuchapa ukiwa umesimama, kwa hiyo kila nilipovuta mlango nilikuwa nazibandua tabaka, na tabaka hushikana kwa udhaifu kuliko uzi wa plastiki wenyewe. Safari ya pili niliulaza ubavu, nyuzi zikapita kwa urefu wa ulimi. Mpaka leo unafungua.

Mashine hizi zimefika mezani kwetu kwa sababu watu waligawa maarifa. Mwaka 2005 Adrian Bowyer, katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha RepRap, printa inayojichapia sehemu zake nyingi, na michoro yake akaitoa bure. Mwaka 2009 hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya Scott Crump ya njia hii ya kuyeyusha plastiki ikaisha muda, na bei zikaporomoka.

Kilichobaki ni michoro ya vipuri. Watengenezaji wanayo, naomba waitoe, angalau kwa mashine walizoacha kuziuza. Kwa sasa tunapima wenyewe. Faili la mkono ule nililiweka mtandaoni, na mtu nisiyemjua ameshanirudishia, ulimi ameuongeza milimita moja kwa ajili ya mashine yake.