Epo za urithi ni nini hasa, na zinaishije kwenye baridi kali

Watu wengi wakisikia epo za urithi wanadhani ni epo yoyote ya kizamani, hapana. Ni aina yenye jina lake, watu wameitunza vizazi na vizazi tangu kabla ya mashamba makubwa ya kibiashara, na kila mti wake unaouona leo umetokana na mti mmoja wa mwanzo. Mbegu haikusaidii hapa, ukipanda mbegu ya epo unapata mti mwingine kabisa na mara nyingi matunda yake ni machachu hata hayaliki. Kwa hiyo ni kubebesha tu, kama miche ya parachichi za Hass, unakata kikonyo wakati mti umelala, unakihifadhi kwenye ubaridi kisikauke, halafu baridi ikiisha na miti ikianza kuchipua unakifunga kwenye shina lingine, kijani cha chini ya gome kiguse kijani.

Chukua epo ya Wealthy ya Minnesota, Marekani. Mkulima Peter Gideon alipanda miti kibao na baridi ikaimaliza karibu yote, akabaki na mche uliotokana na mbegu za kutoka Maine, ukazaa vizuri, akaupa jina la mke wake. Hiyo ni miaka ya 1860, na bado inapandwa.

Sasa wengi wanapochemsha ni kwenye shina la chini. Juu unaweza kuwa na aina ngumu kweli kweli, lakini ukiibebesha kwenye shina la kisasa linalofanya mti uwe mfupi, kama lile linaloitwa M9, baridi ikifika nyuzi 35 chini ya sifuri na ardhi haina theluji ya kuifunika, mizizi inakufa na juu kunafuata. Ndo maana wakulima wa huko wanapenda kutumia kama shina la chini miche ya mbegu ya Antonovka, epo ya Urusi, mti unakuwa mkubwa na unachelewa kuzaa ila mizizi inavumilia.

Halafu kuna jua, na hili ndo linashangaza. Mchana wa baridi jua linapasha gome upande wa kusini-magharibi, usiku joto linashuka ghafla, gome linapasuka. Dawa yake ni kupaka shina rangi nyeupe. Panya nao wanatafuna gome chini ya theluji, wakilizungusha lote mti umekwisha, kwa hiyo zungushia wavu wa chuma, na uwe mrefu kupita kimo cha theluji maana sungura anasimama juu ya theluji hiyo hiyo na kula panapofikika.