Je, wajua? Kwa nini siga isiyo na kakao huleta ladha ya kakao

Chukua gurudumu lolote la ladha, yaani mchoro wa duara wenye majina ya ladha, lililochorwa kwa ajili ya wavutaji wa siga, ile misokoto minene ya majani matupu ya tumbaku. Katikati utakuta maneno mapana: udongo, mbao, viungo, matunda, njugu, vitu vitamu. Ukisogea kuelekea ukingoni, kila neno linagawanyika. Mbao inakuwa mwerezi, mwaloni au mbao iliyoungua. Viungo vinakuwa pilipili manga, mdalasini, karafuu, kungumanga. Utamu unakuwa asali, karameli, kakao. Kisha itazame siga yenyewe: majani ya tumbaku ndani, jani jingine la tumbaku la kuyashikilia, jani la tatu la kufunika nje, na gundi kidogo ya mimea kwenye ncha. Kakao imeingilia wapi?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba imetiwa kiwandani. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linadumu. Ziko siga zinazotiwa vanila, kahawa au pombe, nazo huuzwa kwa sifa hiyo hiyo, bila kificho. Lakini gurudumu halikuchorwa kwa ajili ya siga hizo. Siga zinazofungwa kwa mkono kwa mtindo wa zamani huko Cuba, Nikaragua na Jamhuri ya Dominika hazitiwi kiungo wala sukari, na hizo hasa ndizo ambazo wavutaji huzisifu kwa kakao, mwerezi na asali. Harufu moja tu hupata nafasi ya kuingia kutoka nje, nayo ni ya mbao, kwa sababu siga huhifadhiwa katika masanduku ya mti uitwao mwerezi wa Kihispania. Mti huo, Cedrela odorata kwa jina la kitaalamu, si mwerezi hata kidogo. Asili yake ni Amerika ya kitropiki na umo katika familia moja na mkangazi. Harufu yake kali hupenya majani baada ya miezi ya kukaa pamoja.

Hayo mengine hutengenezwa ndani ya jani. Baada ya kuvunwa, majani ya siga hutundikwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na kukauka polepole kwa hewa, bila moto, kwa wiki kadhaa. Katika kipindi hicho jani bado lina uhai kiasi, na huila sehemu kubwa ya sukari yake. Kisha majani hulowanishwa kidogo na kuvundikwa katika malundo makubwa. Lundo huanza kupata joto lenyewe. Wafanyakazi hulipima, na joto likizidi hulivunja na kulipanga upya ili majani ya ndani yaje nje. Amonia hutoka kwa wingi, ukali hupungua, rangi huzidi kuwa nyeusi.

Humo ndimo kakao inamozaliwa, au tuseme kitu kinachofanana nayo. Mabaki ya sukari hukutana na asidi amino, vijenzi vya protini, na kuingia katika mmenyuko ambao mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Mmenyuko huo ndio unaoipa rangi na harufu kahawa iliyokaangwa, ganda la mkate na mbegu za kakao zinazochomwa. Miongoni mwa mazao yake ni kundi la molekuli ziitwazo pirazini, ambazo kwa pua ya binadamu hunukia kama kitu kilichokaangwa: njugu, kahawa, kakao. Zimo katika kakao, na zimo katika tumbaku na moshi wake. Wakati huohuo karotenoidi, rangi za manjano zilizokuwa zimefichwa na ukijani, huvunjika na kuacha vipande vyepesi vyenye harufu ya maua na matunda. Jamaa za vipande hivyo hupatikana pia katika waridi na chai. Siga ikishawashwa, joto huipasua lignini, ile dutu inayoipa mimea ugumu wake, na kutoa gwayakoli yenye harufu ya moshi wa kuni pamoja na vanilini, molekuli kuu ya harufu ya vanila.

Kwa hiyo aliyesema kakao hajadanganya, na kiwanda hakikutia kitu. Kakao na tumbaku ni mimea miwili isiyo na udugu wa karibu, lakini mikono ya watu imeipitisha katika mambo yanayofanana, yaani kuchachusha, kukausha na kupasha joto, na ikaishia kutoa baadhi ya molekuli zilezile. Mimi naona hilo ni la ajabu kuliko kama kakao ingetiwa kwa kijiko.

Lipo na kosa la upande wa pili: kwamba maneno haya yote ni mbwembwe, kwa kuwa ulimi hauwezi kutambua mwerezi. Ni kweli hauwezi. Ulimi hutambua utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule utamu wa mchuzi ambao Kikunae Ikeda wa Japani aliutaja mwaka 1908 kwa jina la umami. Na hautambui kwa maeneo. Ile ramani inayoweka utamu kwenye ncha na uchungu nyuma ilitokana na utafiti wa David Hänig wa mwaka 1901, ambaye alipata tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu. Michoro ya baadaye ilizikuza tofauti hizo hadi zikaonekana kama mipaka. Vipokezi vya ladha zote vimetapakaa ulimini, kwa hiyo kuusogeza moshi huku na kule kuutafuta utamu kwenye ncha ya ulimi hakusaidii.

Mwerezi na kakao hutambuliwa puani, ila kwa mlango wa nyuma. Moshi ukiwa mdomoni, sehemu yake hupanda nyuma ya kaakaa hadi juu ya pua, hasa mtu anapotoa pumzi. Ubongo huichukua harufu hiyo, huiunganisha na uchungu na utamu wa ulimini, kisha huyahesabu yote kuwa yametokea mdomoni. Ukiziba pua, kakao hutoweka na uchungu hubaki. Ndiyo maana wavutaji wenye uzoefu huusukuma moshi kidogo utoke kupitia puani badala ya kuuvuta mapafuni. Hapa lazima isemwe wazi kwamba kutouvuta mapafuni hakuuondoi ubaya wake. Moshi wa siga una vitu vinavyosababisha saratani, na uvutaji wake unahusishwa na saratani za kinywa, koo, zoloto na umio. Aidha ni moshi wenye ualkali (kinyume cha uasidi) zaidi kuliko ule wa sigara, jambo linaloiwezesha nikotini kupenya ngozi laini ya mdomo bila kufika mapafuni.

Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walieleza familia ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vinavyofanya kazi. Molekuli moja huamsha kadhaa kwa pamoja, na kipokezi kimoja huitikia molekuli nyingi. Ubongo kwa hiyo haupokei orodha ya vitu vilivyomo. Hupokea umbo zima la mwamko, kisha hulilinganisha na maumbo uliyokwisha kuyahifadhi. Pirazini chache zikiamsha umbo linalokaribia lile la kakao, akili hujibu kakao. Sehemu nyingine ya umbo ikikosekana, haijali sana.

Na hapa tunafikia kazi halisi ya gurudumu. Kutambua harufu na kuitaja jina ni mambo mawili tofauti. Watu wengi wakinusishwa kitu wanachokitumia kila siku wakiwa wamefumba macho, husema wanakijua, kisha jina haliji. Ni kama kukutana na mtu ambaye sura yake unaifahamu kabisa lakini jina lake limekataa kutoka. Ukiambiwa mtaje, unakwama. Mwenzako akikuuliza, ulisoma naye? hapana. Mlifanya kazi pamoja? ndiyo. Ofisini au ghalani? ghalani. Zamu ya usiku? Hapo jina linakuja lenyewe. Maswali hayakukupa habari yoyote mpya kuhusu mtu yule. Yalipunguza tu mahali pa kutafuta, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa rahisi kujibu kuliko swali la mwanzo. Gurudumu hufanya vivyo hivyo. Halikuulizi unahisi nini, swali ambalo karibu kila mtu hukwama kulijibu. Linauliza kwanza kama ni upande wa mimea au upande wa vitu vilivyokaangwa. Ukisema vilivyokaangwa, linauliza njugu, kahawa au kakao. Ukisema kakao, linauliza tamu au chungu. Ukifika mahali ambapo huwezi kuchagua, unasimama hapo, na neno pana ulilofikia ni jibu kamili.

Isieleweke kwamba udhaifu huu wa kutaja harufu ni wa maumbile kwa kila binadamu. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha utafiti juu ya Wajahai, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa Rasi ya Malay, ambao walitaja harufu kwa wepesi uleule wanaotaja rangi, huku wasemaji wa Kiingereza wakihangaika. Kinachoonekana ni kwamba jamii ikiwa na msamiati wa harufu na ikautumia, watu wake huweza. Gurudumu ni njia ya kuziba pengo hilo kwa wasiourithi msamiati huo.

Wavuta siga hawakuwa wa kwanza kulichora. Mnamo 1979 Morten Meilgaard alitoa gurudumu la ladha za bia ili watengenezaji wazungumze lugha moja wanapojadili kasoro. Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akafuata na la mvinyo katika miaka ya 1980. La kahawa lilikuja mwaka 1995 na likafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016. Noble alishikilia sharti moja ambalo naliona ndilo moyo wa jambo lote: neno lazima litaje kitu kinachoweza kunuswa. Neno maua linaruhusiwa. Neno kifahari haliruhusiwi, kwa sababu hakuna anayeweza kukuletea ufahari ndani ya glasi. Na yeye alieleza jinsi ya kuuleta mfano wenyewe: tia kitu kidogo, karafuu kwa mfano, katika mvinyo usio na harufu kali, nusa, ndipo ujue neno linamaanisha nini. La kahawa la mwaka 2016 nalo limejengwa juu ya kamusi ya ladha ambamo kila neno lina kitu chake cha kulinganishia na alama za ukali kutoka 0 hadi 15.

Magurudumu ya siga hayana msingi huo. Yapo mengi, hayafanani, na hakuna moja linalokubaliwa na wote. Mengi yana maneno bila mifano. Hilo haliyafanyi kuwa bure, ila linahamishia kazi kwa mtumiaji. Asiyewahi kunusa mwerezi wa Kihispania hana njia ya kuutambua ndani ya moshi, hata neno likiandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani. Kunusa kungumanga, ngozi iliyotengenezwa, udongo uliolowa na mbegu ya kakao iliyochomwa, kimoja kimoja, kabla hata ya kuigusa siga, kunafundisha zaidi kuliko kulitazama duara.

Yapo maneno mengine ambayo yamewekwa mahali pasipo pake. Pilipili ndiyo mfano mkubwa. Katika magurudumu mengi hukaa pamoja na mdalasini na karafuu kana kwamba nayo ni harufu, wakati ule mwasho wa siga kwa sehemu kubwa ni hisia ya maumivu inayopita kwenye neva ya tano ya kichwa, inayohudumia uso, pua na mdomo. Nikotini na amonia huichokoza neva hiyo moja kwa moja. Afadhali mwasho uandikwe peke yake, kwa ukali wake na mahali unapohisiwa, na neno pilipili manga libaki kwa harufu yake.

Gurudumu pia linaweza kupandikiza kile linachodai kukitafuta. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho liliiongoza pua. Siga yenye jani jeusi huita maneno ya kakao na kahawa hata kabla ya kiberiti, na maelezo yaliyochapishwa kwenye sanduku huita zaidi. Kwa hiyo ni vema kuandika kwanza maneno yako mwenyewe, hata yakiwa mawili, ndipo ulifungue duara.

Idadi ya maneno nayo ina kikomo. Majaribio ya David Laing na wenzake nchini Australia yalionyesha kwamba mtu akipewa mchanganyiko wa harufu, ni nadra kutambua zaidi ya tatu au nne ndani yake, hata akiwa amefunzwa. Maelezo yanayotaja vitu kumi na viwili katika mvuto mmoja yanapita uwezo huo. Yakisambazwa katika siga nzima yanawezekana, kwa kuwa moshi hubadilika. Sehemu ya mivuke hunasa katika majani ambayo bado hayajaungua, kisha moto ukiyafikia huivukiza upya, ndiyo sababu theluthi ya mwisho huwa nzito na chungu kuliko ya kwanza. Wanaotumia gurudumu kwa makini huigawa siga katika theluthi tatu na kuandika maneno mawili au matatu kwa kila moja.