Shairi huru ni nini? Tumsome Kezilahabi

Shairi huru ni shairi lisilofungwa na arudhi, yaani kanuni za kutunga: halidai vina, halihesabu mizani (silabi za mshororo), wala ubeti wake haulazimiki kuwa na mishororo minne. Maelezo hayo mwanafunzi yeyote wa sekondari atakupa, na kasoro yake ni kwamba yanataja tu kile ambacho shairi hili halina.

Tazama mshororo huu wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, niliouunga hapa hapa:

Baba kaenda sokoni, kanunua na samaki

Mizani nane ukwapi (nusu ya kwanza), nane utao (nusu ya pili). Sasa iangalie hiyo "na". Kimaana tungeweza kuishi bila yake. Imeingia kujaza mzani uliopungua. Mtunzi hodari huificha, mchanga huiacha ikichungulia. Hata hivyo, kanuni hiyohiyo ndiyo inayolifanya shairi liimbike na likae kichwani, na kwa watu waliorithishana tungo kwa mdomo hilo si jambo dogo.

Linganisha na hili:

Baba karudi.
Samaki
mmoja.
Tuko tisa.

Hapa kazi inafanywa na mahali mstari unapokatwa. "Mmoja" limeachwa peke yake ili msomaji asimame, na njaa haikutajwa popote. Kwa hiyo kukatakata insha vipandevipande si kutunga shairi huru, ingawa mitandaoni tunaletewa za namna hiyo kila kukicha.

Kwa Kiswahili, jina linalotajwa mapema katika habari hii ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Diwani yake Kichomi ilitoka mwaka 1974, akitaka ushairi useme kwa lugha ambayo watu huzungumza kila siku. Moto ukawaka. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, ambao wengi walijifunza kwenye kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga, waliziona tungo hizo kuwa guni, yaani mashairi yenye ila. Mwaka 1976 washairi Kahigi na Mulokozi wakatoa diwani yao Malenga wa Bara, na jina hilo pekee linakuonyesha ugomvi haukuwa wa vina tu. Swali la chinichini lilikuwa nani ana haki ya kuamua ushairi wa Kiswahili ni upi, pwani au bara. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililowauma watu zaidi.

Ukitaka kuona uhuru huo ukifanya kazi, soma "Upepo wa Wakati" katika Kichomi. Msemaji amesimama juu ya mwamba akitazama ziwa lililochafuka. Mawimbi yanavunjika na mengine yanazaliwa. Hayo ni maji ya mtu wa Ukerewe, si bahari ya kuazima kwa washairi wa Lamu au Mombasa. Mistari nayo inarefuka na kufupika kufuata mwendo wa fikra.

Baadaye zikaja Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), hii ya mwisho ikitoka baada ya miaka mingi akifundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki Januari 2020. Wengi wanamjua kwa riwaya, hasa Rosa Mistika, na mashairi wanayakuta darasani tu, yakiwa yameshageuzwa maswali ya mtihani. Anayetaka kuyaonja aanze na Karibu Ndani, asome kwa sauti, na kila mstari unapoishia atue hata kama sentensi haijaisha.